Bei ya Kuhama Ligi

Alhamisi ndiyo siku ya jezi. Mama mkubwa akirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, anaingia jikoni, anainama mbele ya mashine ya kufulia na kusukumiza ndani jezi kumi za kijani pamoja na vifulana saba vyenye herufi kubwa kifuani na mgongoni, zile herufi zinazomwonyesha mwamuzi nani mfungaji na nani mlinzi. Halafu anakaa kwenye kistuli cha plastiki, anavua viatu, anaitazama mashine inavyozunguka kama wenzake wanavyotazama tamthilia. Ukimwambia akalale atakujibu, "Nikilala, nani atazianika?" Tunakaa Tottenham, ghorofa ya tatu, nyumba ya council, yaani ya kupanga kwa halmashauri, hatuna pa kufunga kamba. Jezi zinakaukia juu ya hita za ukutani, na zinazobaki zinavalishwa migongo ya viti, mpaka mgeni akija anakaa ameegemea mlinzi wa goli.

Anaitwa Marcelina, dada mkubwa wa mama yangu, ana miaka hamsini na mbili. Kazi yake ni usafi kwenye chuo kimoja cha hapa hapa Tottenham, wanaposoma vijana kabla hawajaenda chuo kikuu. Anaingia saa kumi na moja alfajiri, anatoka saa tatu. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Asiyolipwa ni umeneja wa timu ya netiboli ya wasichana wa chuo, na hiyo, mambo haya yalipoanza, alikuwa nayo mwaka wa tisa.

Ilianza kwa hasira tu. Alikuwa anapiga deki korido ya ukumbi wa michezo, akawaona wasichana wakirushiana mpira, akasimama na mopu yake mlangoni. Alivumilia dakika kumi. "Yule mtoto alikuwa anaupokea mpira kama anapokea sahani ya moto," ananiambia. Akaegemeza mopu ukutani, akaingia uwanjani na viatu vyake vya kazi, akawaonyesha. Wiki iliyofuata wakamtafuta wenyewe.

Zamani Moshi alichezea timu ya kiwanda cha magunia. Anapoisimulia timu ile uso wake unabadilika, anakuwa mtu ambaye mimi sikumkuta. Walikuwa wanasafiri na lori la kiwanda mpaka Tanga na Morogoro, na kiwanda kinawapa sabuni na sukari kila mwezi. Halafu kiwanda kikauzwa. "Hatukufungwa na mtu," husema. "Jumatatu tulikwenda mazoezini, tukakuta geti lina mnyororo. Basi. Tukasimama pale na raba zetu mkononi, mmoja mmoja akaanza kwenda nyumbani." Mimi simuulizi zaidi. Shule niliiacha mapema, na kuongea si kipaji changu, ila miaka miwili niliyokaa kwake nimepata nafasi ya kumtazama vizuri, na najua kwamba geti lile bado analiona.

Timu ya wasichana ilikuwa kwenye ligi ya London. Timu tisa: vyuo vinne, manesi wa hospitali mbili, na vikundi vitatu vya mitaani. Zinacheza kila Jumatano jioni kwenye ukumbi mmoja Wembley. Wasichana wetu walikuwa mabingwa miaka miwili mfululizo, mpaka ikawa aibu, timu nyingine zinakuja kucheza nao zimeshajua zimefungwa. Basi mwezi wa tatu mwaka huu Jaspal, mkuu wa michezo wa chuo, akamwita ofisini. Jaspal ni Singasinga wa makamo, mama yake alizaliwa Nairobi, kwa hiyo anajua neno "mama" na "pole pole", na yote mawili anayatumia vizuri.

"Mama, tumeitwa," akamwambia. "Ligi ya vyuo ya taifa."

Maana yake, ukiwa kwenye ligi ile unacheza Bristol, unacheza Sheffield, na makocha wa vyuo vikuu wanakuja kukaa pembeni na madaftari yao kutafuta wasichana wa kuwasomesha. Jaspal alikuwa na karatasi. Kiingilio cha ligi, chuo kitalipa. Jezi mpya, zenye nembo wanayotaka wao, chuo kitalipa. Basi la kukodi kila wiki mbili, petroli, dereva, kulala Sheffield usiku mmoja, bima, waamuzi wenye cheti. Mkuu wa chuo ameshapiga kelele lakini amekubali. Limebaki jambo moja.

"Ligi ya zamani haituachii bure," akasema Jaspal. "Ukiondoka bila kutoa taarifa ya misimu miwili, unalipa. Wasipotupa barua ya kutuachia, ligi mpya haitusajili. Na hiyo, mama, hatuna fungu lake. Nimetafuta kila droo."

"Shilingi ngapi?" Mama mkubwa miaka kumi na saba yuko London, na hela kwake bado ni shilingi.

"Pauni elfu moja na mia nane."

Angenyamaza pale, safari ingeishia ofisini. Lakini mama mkubwa amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi kumi na moja, Moshi na London, na hakuna hata moja iliyokosa nyama. Akasimama, akachukua ndoo yake, akasema, "Hiyo niachie mimi."

Akaenda kwenye duka la kuchapisha kadi pale High Road. Mwenye duka alikuwa na mifano ya kadi za mchango wa harusi tu, na kutengeneza mpya ni bei nyingine, kwa hiyo kadi zikatoka na maua pembeni na pete mbili juu, na katikati maneno: Kamati ya maandalizi ya kuhama ligi inakuomba mchango wako wa hali na mali. Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili, akasimama mlangoni na kuzigawa.

"Marcelina, nani anaolewa?" Haika akapiga kelele. Haika ni nesi, rafiki yake wa siku nyingi, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika barabarani.

"Wasichana wangu kumi."

"Kwa siku moja? Mahari yao nani atabeba?"

"Wewe. Andika ahadi."

Haika akaandika mia moja. Cosmas, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, akaandika mia na ishirini. Mzee Valentine, dereva wa basi, mtu mpole mwenye sweta moja ya majira yote, akaiangalia kadi mbele na nyuma, akasema, "Sasa mimi ndiye baba wa bibi harusi, nitaandika chini ya Cosmas kweli?" Akaandika mia na hamsini. Watu wakampigia makofi. Katika wiki tano ahadi zilifika elfu mbili mia tatu na hamsini.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyetoka kwetu hawezi kulielewa. Kwetu ahadi ni hela. Ukumbi unakodiwa kwa ahadi, ng'ombe anatolewa kwa ahadi, bendi inafunga vyombo kwa ahadi, kwa sababu kila mkutano majina yanasomwa kwa sauti na hakuna anayetaka jina lake lisomwe lina sifuri. Siku ya harusi hela zimefika. Mama mkubwa ana daftari la mistari. Nililiona: ahadi aliziandika kwa kalamu ya wino, na fedha zilizofika mkononi aliziandika pembeni kwa penseli. Penseli ilikuwa inasema mia tatu na kumi. Tarehe sita mwezi wa tano, Jaspal akamletea fomu ya kuhama, na yeye akasaini. Hakuisoma, ina kurasa tano za Kiingereza, herufi ndogo ndogo kama mchwa. Aliuliza tu saini inakaa wapi. Malipo yalitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Jina la timu likafutwa kwenye orodha ya ligi ya zamani siku ile ile.

Siku tisa baadaye mzee Valentine akaanguka gereji kwao, kabla hata hajapanda basi lake. Hakufika hospitali.

Mtu akifia huku, kumrudisha kwao Rombo ni zaidi ya pauni elfu saba, bado ndege ya mjane. Chama kikakutana nyumbani kwa marehemu. Watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, na Cosmas akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analijua kabla hajalisema: "Michango mingine yote isimame mpaka tumpumzishe mwenzetu." Halafu akamgeukia mama mkubwa, maana mweka hazina ni yeye. "Mama Marcelina, utatushikia."

Akashika. Kwa wiki mbili nilimwona anatoka kazini na kupita nyumba kwa nyumba, Thornton Heath, Wembley, hata kwa watu ambao hawajui kanisa letu liko wapi. Mia yake mwenyewe ilikuwa ya kwanza. Mwili ukasafiri. Na Haika aliyeahidi mia moja kwenye kadi ya pete alitoa mia mbili kwenye msiba, na Cosmas mia tatu, na kila mtu vivyo hivyo, mpaka mwezi wa sita ulipoingia hakuna aliyekuwa na kitu. Mama mkubwa alilifungua daftari, akalitazama, akalifunga. "Utamdai vipi mtu aliyetoka kuzika?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyemtuma adai.

Tarehe kumi ikaja barua ya ligi ya zamani. Zimebaki siku ishirini. Bila malipo hakuna barua ya kuachiwa, na kwenye orodha yao timu haipo tena. Yaani timu ilikuwa imetoka nyumba moja na haijaingia nyingine. Jaspal naye alikuwa muwazi: timu isiyo na ligi mwaka mzima, chuo kitaifuta, na ule ukumbi siku za mazoezi watapewa watu wa badminton, ambao wameshauliza mara mbili.

Siku hiyo hiyo jioni nahodha wao alikuja kwetu. Anaitwa Minal, babu yake alikuwa na duka Dar es Salaam, Kiswahili anakisikia lakini jibu lake ni Kiingereza. Alikaa kwenye kiti chenye jezi mgongoni, akasema kuna kocha wa chuo kikuu amemwandikia, atakuja kumwangalia mwezi wa kumi, wakicheza Bristol.

"Auntie, ni kweli hatuendi?"

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Kila mtu ndiye meneja?" Mama mkubwa akamwekea maandazi. "Kula. Miguu yako imekuwa kama ya kuku."

Minal alipoondoka, mama mkubwa alikaa mezani mbele ya kikombe chake, chai ikafanya utando na hajaigusa. "Mnyororo ule ule," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Jumamosi tukaenda Wembley kwa katibu wa ligi ya zamani. Tulipanda mabasi, maana treni ni ghali, na kufika ilichukua karibu saa mbili, yeye amelala kichwa kwenye kioo, mfuko wa maandazi mapajani. Katibu ni Sushila, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mhasibu mstaafu. Alizaliwa Moshi, nyuma ya soko, na Kiswahili chake ni cha zamani, kisafi, mpaka mimi naona aibu ya changu. Alitupokea kwa chai ya tangawizi na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga.

"Umenijia na maandazi," akasema. "Basi huna hela."

"Sina, dada Sushila."

"Ngapi unazo?"

"Mia tatu na kumi. Nyingine ni ahadi."

Sushila akacheka kidogo, bila furaha. Akafungua kabati la vyombo, akatoa faili kutoka katikati ya masufuria. "Mimi pia nina ahadi, Marcelina. Vyuo viwili vilifunga timu zao mwaka juzi, wakaahidi kulipa. Timu iliyokufa utaidai wapi?" Akafungua faili. "Tazama. Mwenye ukumbi anataka mwaka mzima kabla mpira haujaguswa. Elfu kumi na sita na mia mbili. Gawa kwa timu tisa."

"Elfu moja na mia nane," nikajikuta nimesema mimi. Wote wawili wakageuka kunitazama.

"Huyu anasema?" Sushila akauliza.

"Mara mbili kwa mwaka," mama mkubwa akajibu.

"Amesema kweli. Si faini ile, ni kiti chenu. Mkiondoka, kiti kinabaki na bei yake. Wale manesi wa hospitali wanalipa kutoka mfukoni, chuo hawana. Kila timu itaongeza mia mbili na ishirini na tano. Wewe unakwenda Sheffield na basi lenye choo, na nesi aliyetoka zamu ya usiku anakulipia ukumbi. Nikusamehe mimi, wao nitawaambia nini?"

Nilikuwa namtazama mama mkubwa mikono. Alikuwa anakunja ukingo wa mfuko wa maandazi, anaukunja na kuukunjua. Nadhani alikuwa amekuja kumlaumu mtu, na sasa akawa hana wa kumlaumu.

"Nilipe kidogo kidogo," akasema mwishoni. "Kila mwezi."

"Anayecheza namruhusu, namwona kila Jumatano. Anayeondoka nitamtoa wapi?" Sushila akamimina chai tena. Halafu, akiwa ameshika birika, akasema taratibu, "Ukurasa wa nne uliusoma?"

"Sikusoma hata wa kwanza."

"Hakuna anayefika wa nne. Imeandikwa: timu inayoondoka ilipe, ama ilete timu nyingine ikae kwenye kiti chake. Hiyo mpya inalipa kila mwezi kama timu yoyote. Ila meneja wa timu iliyoondoka anakuwa mdhamini wake. Misimu miwili, Marcelina. Uwepo ukumbini kila mechi, nikikosa hela nikukamate wewe."

"Kila Jumatano."

"Kila Jumatano."

"Wasichana nao ligi yao mpya ni Jumatano."

"Najua," Sushila akasema.

Pale nje basi lilipita na vikombe vikatetemeka. Mama mkubwa akala chevda kidogo, punje moja moja, kama dawa. Halafu akauliza, "Hiyo timu nyingine, imeandikwa wawe na miaka mingapi?"

"Haikuandikwa."

"Nipe wiki moja."

Jumapili, ibada ilipoisha, hakusimama mlangoni. Alipanda mbele kabisa, akafungua daftari, na waliokuwa wanatoka wakarudi kukaa, maana walilijua daftari lile. Akaanza kusoma majina na ahadi zake, kama kwenye kamati. Nilimwona Cosmas anaangalia viatu. Alipofika kwa marehemu Valentine, hakuruka. Alisoma, "Mzee Valentine, mia na hamsini," akaendelea.

Alipomaliza akasema, "Sidai. Najua zilikwenda wapi, mimi ndiye niliyezihesabu. Leo sitaki hela, nataka miguu. Akina mama mliocheza netiboli shuleni, kazini, jeshini, simameni."

Haika akadakia: "Marcelina, mama yangu, unaumwa?"

"Simama, Haika. Ulichezea mkoa, usinifanye niseme mwaka."

"Nilichezea mkoa nikiwa na kilo hamsini! Hili goti si langu, ni la hospitali ya serikali, nimeazimwa tu!"

Watu wakaanza kucheka, na ile ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka pale tangu msiba. Mama mkubwa hakucheka. Aliwaeleza: pauni kumi na tano kwa mwezi, akina mama kumi na wawili, miezi kumi, kila Jumatano jioni Wembley. Anayesimama ahadi yake inafutwa. Ile mia tatu na kumi itatangulia kulipa miezi miwili ya mwanzo, pungufu hamsini.

"Kumi na tano ninayo," mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Hiyo mia ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi." Akasimama. Haika akasimama huku analaumu. Wakafika tisa. Cosmas akamwambia mkewe, "Inuka, mama Akil, unifutie deni," mkewe akamjibu, "Deni lako, miguu yangu?" lakini akainuka. Wakapatikana kumi na wawili, pamoja na mjane wa Valentine, ambaye alisema hawezi kukimbia lakini anaweza kukaa benchi na chupa za maji, nyumbani ameshachoka kukaa.

Tarehe ishirini na nne mama mkubwa akasaini kwa Sushila. Safari hii alinipa mimi nisome fomu kwanza, neno kwa neno, na kidole, hata yale nisiyoyajua. Ilichukua saa nzima. Barua ya kuachiwa ikatoka siku ile ile. Jaspal alipoipata alimshika mikono yote miwili, na ndipo mama mkubwa akamweleza kuhusu Jumatano. Jaspal akaiachia mikono, akavua miwani.

"Basi sisi tutakwenda na nani?"

"Tafuta mtu mwenye cheti. Mtu wa Jumatano."

Wakampata kijana wa kike mwenye suti ya michezo na filimbi tatu. Minal alikuja tena nyumbani, hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema, "Kwa hiyo auntie, huji?"

"Nikistaafu nitakuja. Pasi ya katikati usiirushe juu. Nani alikufundisha kurusha juu?"

"Hakuna."

"Basi."

Minal akamkumbatia pale mlangoni. Mama mkubwa alikuwa ameshika sufuria yenye maji, akaendelea kuishika.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kumi, basi la Bristol liliondoka chuoni saa moja asubuhi. Mama mkubwa alikuwa bado kazini. Aliniambia aliliona likigeuka, akiwa anafuta vioo vya mbele, basi refu jeupe lenye choo kweli, na wasichana wakipunga mkono. Alijibu kwa kitambaa cha kufutia. Kisha akaenda kupiga deki ukumbi, maana saa tatu watu wengine walikuwa wanautaka.

Jioni tukawa Wembley. Akina mama walivaa zile jezi kumi za zamani za kijani, ambazo hazikuwakubali. Herufi za kwenye vifulana zilivutika mpaka zikasomeka kwa shida. Walicheza na manesi wa hospitali, na manesi wakiwaamkia "shikamoo" kwa utani, wameshafundishwa na Haika kazini. Walifungwa arobaini na moja kwa sita. Magoli manne kati ya yale sita alifunga Haika, amesimama pale pale bila kusogea, na kila akifunga anapiga goti lake kofi na kuliambia asante. Sushila alikaa mezani pembeni na faili lake. Mapumziko akamwita mama mkubwa, akamwonyesha mstari: timu tisa. Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, akarudi kuwafunga wenzake bendeji.

Mjane wa Valentine aligawa maji. Hakusema neno mechi nzima, ila mwisho, wanapokunja vifulana, akasema, "Marcelina, mnakaba vibaya mno," na wote wakaangua kicheko wakiwa wameshika viuno.

Leo ni Alhamisi. Mama mkubwa ameingia saa nne, ameinama mbele ya mashine na koti lake. Jezi za wasichana siku hizi zinakwenda kwa dobi wa mkataba, chuo kinalipa, kwa hiyo alizoingiza ni zile za akina mama, zina harufu ya dawa ya kuchua. Amekaa kwenye kistuli. Simu yake imeita, ujumbe, akanipa.

"Nisomee. Miwani iko kwenye mfuko na mfuko uko mbali."

Alikuwa Minal. Nikasoma: wamefungwa kwa magoli mawili. Yule kocha alikuja, alikaa mstari wa mbele, alikuwa anaandika. Baada ya mechi alimfuata Minal, akamuuliza masomo yake, akamuuliza pia nani alimfundisha kucheza.

"Akasemaje?"

"Hajasema alijibu nini."

"Na pasi za katikati?"

"Hajasema pia."

"Muulize," akasema mama mkubwa. "Muulize kama alirusha juu."

Nikaandika. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala pale pale kwenye kistuli, bega kwenye friji, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Mashine ikamaliza kuzunguka. Nikazitoa jezi polepole, moja moja, nikaenda kuzianika.